Kitambaa cha Bluu cha Ng'ambo

Siku ya gulio, soko la Bariadi halina adabu. Muuza mitumba anapiga kengele masikioni mwako, muuza dagaa anakusukuma na beseni, na mwenye redio kubwa kuliko duka lake anaifungulia mpaka bati zinatetemeka. Mwaka ule ndiyo usiseme. Kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, malori ya kila rangi yalikuwa yakipishana barabarani, na kila binti aliyevuna hata gunia moja alitaka gauni jipya kabla ya msimu kwisha.

Kwenye baraza la mafundi cherehani, Milembe alikuwa ameinamia mashine yake. Alivaa kitenge cha njano chenye mabega yaliyopanda juu, kashona mwenyewe, na nywele zake za dawa alizibana nyuma kwa kibanio chekundu. Kivuli kilipomwangukia mezani, hakuinua hata uso.

"Uniform za watoto au suruali?"

"Nataka vitambaa vitatu," sauti ya kiume ikajibu. "Vikubwa kama shuka. Kimoja chekundu, kimoja cheupe, kimoja cha bluu. Viwe vya kuonekana kutoka mbali."

"Mbali wapi? Dutwa?"

"Ng'ambo ya ziwa."

Hapo Milembe akainua uso. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kadeti imepigwa pasi ikasimama, vidole vina vumbi la chaki, na macho yake yalikuwa na ucheshi wa mtu asiyejua kuwa anachekesha.

"Kaka yangu, unaanzisha nchi? Maana hizo ni bendera."

"Mimi mwalimu Masalu, nafundisha jiografia. Wanafunzi wangu wamenigomea. Wanasema, mwalimu, sisi tumezaliwa kwenye mbuga hii, tambarare tangu Meatu mpaka hapa, huo mviringo wa dunia uko wapi? Nimetafuta mahali pa kuwaonyesha. Pale Lamadi, ukitazama ng'ambo ya ghuba, kuna ghorofa jipya la wanunuzi wa pamba. Nitatundika nyekundu juu kabisa, nyeupe katikati, bluu mlangoni. Kama maji yamelala bapa, kwa darubini tutaziona zote tatu. Kama yamejikunja, ya chini itafichwa."

"Itafichwa na nini? Maji si yamelala?"

"Umewahi kuchuchumaa nyuma ya ng'ombe dume? Ndama akiwa upande wa pili unamwona?"

"Nundu inaziba."

"Basi ziwa nalo lina nundu. Ya polepole sana, ndefu sana, lakini ipo."

Milembe alicheka mpaka Lucy, fundi wa mashine ya jirani, akageuka. Lucy alikuwa msichana wa kujipenda, hana siku anashuka kwenye viatu vyake vya visigino virefu, hata kwenye tope. Alimtazama mwalimu, akamtazama Milembe, akaguna. Naye alikuwa na yake moyoni. Ni yeye aliyempimia Masalu ile suruali ya kadeti, akaishona kwa mapenzi yote, na mwalimu akasema asante, akaondoka zake.

"Utavijia Ijumaa," Milembe akasema. "Lakini ukinidanganya hiyo nundu, utanilipia na kicheko changu."

Masalu alivijia Alhamisi. Ijumaa akarudi kusema pindo la kitambaa cheupe ni zuri. Jumatatu akaja kukaza vifungo ambavyo havikuwa vimelegea. Mafundi wakaanza kumwita "shemeji" kabla yeye hajasema neno, na aliposema, alilisema kwa kigugumizi, chaki ikimvunjikia mfukoni.

"Milembe, mimi... yaani, nikiwa hapa barazani, sikumbuki kurudi kazini."

"Basi usirudi, mpenzi. Kaa utie uzi kwenye sindano."

Wakapendana. Milembe akamshonea shati la kijani lenye mfuko wenye mfuniko, kitambaa ambacho hakuna mwingine Bariadi aliyekuwa nacho, kwa sababu alikinunua chote. Ndivyo alivyo Milembe. Kikiwa chake ni chake. Mwanamke akimsalimia Masalu kwa kucheka, Milembe atataka kujua amecheka nini. Masalu akichelewa kidogo, atanusa kola ya shati. Mwenyewe alikuwa anasema, "Mimi sina wivu, ninauliza tu."

Hawa wasioona wivu wao wenyewe, jamani, mwogopeni Mungu, kisha muwaogope na wao.

* * *

Mambo yalianzia kwenye simu. Duka lililopakana na baraza la mafundi lilikuwa na simu ya mezani, na Masalu alikuwa akiitumia kupiga ng'ambo kwenye ofisi ya lile ghorofa. Siku moja Milembe alipeleka kipande cha muhogo cha mpenzi wake, akamkuta amegeuzia mlango mgongo.

"Generoza! Habari za huko? ... Ha ha, wewe mama wewe! ... Sasa sikiliza, Jumamosi weka nyekundu mapema. Bluu nayo iweke, hata kama mimi sitaiona, nitajua ipo."

Muhogo ulipoa mkononi.

"Generoza ni nani?" Milembe aliuliza, simu haijakaa vizuri mahali pake.

"Karani wa kule kwenye ghorofa. Ndiye anayetutundikia vitambaa."

"Vitambaa vyangu."

"Vyako, ndiyo."

"Nilivyoshona kwa mkono huu. Mwanamke mwingine anaviweka dirishani kwake na wewe unakaa ufukweni unamtazama kwa darubini."

"Natazama ghorofa, mpenzi!"

"Ghorofa lina jina Generoza?"

Masalu akacheka. Lilikuwa kosa. Mwanamke mwenye wivu ukimcheka, umemwagia petroli. Lakini siku ile yaliisha, kwa sababu Masalu alimshika mkono akamwambia kwamba kabla ya mwezi kwisha wazee wake watakwenda Nkoma kwa baba yake Milembe, Mzee Mashimba, kupeleka habari ya posa. Milembe akausahau muhogo na akamsahau Generoza. Karibu amsahau.

Jumamosi moja kabla ya wazee kwenda, upepo wa ziwani ulikichana kitambaa cha bluu. Masalu akavuka kwa boti asubuhi kwenda kukifunga upya, akiwa na shati lake la kijani, na darubini yake ya miguu mitatu akamwachia mwalimu mwenzake, Josia, awaonyeshe wanafunzi kutoka ufukweni. Kumbe Lucy alikuwa Lamadi siku hiyo hiyo, amefuata mitumba.

Jumatatu Lucy alifika barazani, akavuta stuli mpaka magoti yao yakagusana.

"Mwenzangu, sijalala. Nikisema nitaonekana mbaya, nikinyamaza nitakuwa mbaya zaidi."

"Sema."

"Nilikuwa Lamadi. Mwalimu Josia akanipa ile darubini nitazame ng'ambo. Milembe, ile kitu inavuta! Nimemwona Masalu wako. Pale mlangoni, chini ya kitambaa chako cha bluu, kavaa shati la kijani. Na yule mwanamke. Wamekumbatiana mpaka nikaona aibu mimi."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa haya mawili. Mungu anipofue."

Milembe hakulia. Alichukua mkasi akaendelea kukata kitambaa cha mteja, akakikata vibaya, kaptula ya mtoto ikatoka mguu mmoja mfupi. Usiku mzima alimwona yule mwanamke asiyemjua. Alimpa kiuno chembamba, akampa sauti laini, akampa macho ya kusinzia. Kila alichokosa yeye alimpa Generoza.

Na kumuuliza Masalu? Hakumuuliza. Alitaka kumwumiza kwanza.

* * *

Jumapili wazee wa Masalu walifika Nkoma wamevaa makoti. Mzee Mashimba aliwakaribisha, wakapewa viti, wakapewa maji, wakaulizana mvua na bei ya pamba kama inavyotakiwa. Kisha shangazi mtu, Mama Domitila, akaingia ndani kumtoa binti. Hapo ndipo penyewe. Binti huulizwa swali moja tu mbele ya wote, na jibu lake likiwa ndiyo, habari ya ng'ombe inaanza.

"Milembe, mwanangu. Wageni hawa wanasema wametumwa na kijana anayeitwa Masalu. Unamfahamu?"

Masalu alikuwa nje, chini ya ghala, na mlango ulikuwa wazi. Milembe alimwona. Alikuwa amevaa shati la kijani.

"Simfahamu," akasema.

Mama Domitila alimfinya mkononi, akarudia swali, akidhani binti ameshikwa na haya.

"Yaya, shangazi. Hapana. Mtu huyo simfahamu."

Wazee waliinuka, wakatengeneza makoti yao, wakaaga kwa heshima, ile heshima inayoumiza kuliko matusi. Masalu aliinuka pale chini ya ghala. Alipanda baiskeli akaondoka mbele ya wazee wake.

Siku iliyofuata simu ya dukani ikalia, na mwenye duka akamwita Milembe.

"Nimekukosea nini?" sauti ya Masalu ilikuwa imekauka.

"Jumamosi ile ulivuka, hukuvuka?"

"Nilivuka."

"Ulivaa shati langu?"

"Nililivaa."

"Ulisimama mlangoni na Generoza?"

"Nilisimama, tulikuwa tunafunga kitam..."

"Basi!" Akaitupa simu mpaka mwenye duka akapiga kelele. Kumbe kweli! Mwenyewe kakiri! Na kama hayo matatu ni kweli, la nne lingekosaje?

Hakuridhika. Wivu haushibi ukweli, unataka kuugusa. Jumamosi Milembe alivaa gauni lake jekundu la kuteremka mpaka magotini, la mabega yaliyopanda, akapaka mafuta ya kung'aa mdomoni, akatia mkasi wake mkubwa kwenye mkoba, akapanda gari la kwenda Lamadi. Nia yake ilikuwa moja: avuke, amtazame huyo mwanamke usoni, akate vitambaa vyake mbele yake vipande vipande. Hakujipamba kwa ajili ya mwanaume. Alipendeza kwa ajili ya Generoza.

Ufukweni akawakuta. Josia na wanafunzi waliizunguka darubini kwenye mchanga, na Masalu alikuwa amekaa peke yake, akamtazama mara moja, akageukia maji.

"Boti inavuka saa ngapi?" Milembe akamuuliza Josia.

"Imeharibika mashine, shemeji, inatengenezwa. Subiri kidogo. Tazama ng'ambo wakati unasubiri."

"Nitazame nini? Mlango?"

"Tazama unachotaka."

Milembe alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaweka jicho. Ng'ambo ikaruka ikaja karibu. Akaliona ghorofa jeupe, paa lake, kitambaa chekundu kikipepea juu, mshono wake mwenyewe! Akashusha. Cheupe alikiona nusu. Akashusha tena, akakuta maji. Maji matupu yanatetemeka, na ghorofa limesimama ndani yake kama limezama mpaka kiunoni.

"Kitambaa cha bluu kiko wapi?" akauliza kwa ukali. "Amekitoa? Kajifunika nacho?"

"Kipo," Josia akasema. "Kiko mlangoni palepale. Panda jiwe."

Nyuma ya ufuko palikuwa na mwamba mkubwa, mmoja wa ile miamba ya Usukumani iliyobebana. Wanafunzi wakabeba darubini, Milembe akavua viatu, akapanda akishika pindo la gauni. Juu kabisa akainama tena.

Kilikuwepo. Chekundu, cheupe, cha bluu, na chini ya cha bluu mlango, na mbele ya mlango ukanda wa mchanga na mtu mdogo kama mchwa anafagia.

Alishuka mbio. Akakaa kwenye mtumbwi. Maji. Akapanda tena. Mlango. Akashuka tena, jasho linamtoka, mafuta ya mdomo yamefutika, wanafunzi wanatazamana. Mara ya mwisho hakuweka jicho hata kidogo. Alisimama tu mbele ya Josia.

"Siku ile Lucy alipotazama, alikuwa amekaa wapi?"

"Hapo ulipokaa wewe. Nilimbembeleza apande jiwe, akakataa. Viatu vyake vile! Akasema hawezi kuvunja shingo kwa ajili ya kitambaa. Aliniuliza mwalimu yuko wapi, nikamwambia kavuka, anafunga cha bluu na karani. Akatazama kidogo akaondoka. Kwani vipi?"

Milembe alishika kichwa. Lucy hakuona mlango. Asingeweza kuuona hata kama angekaa pale mpaka wiki iishe. Nundu ya ziwa ilikuwa imeziba, naye Lucy akakumbatianisha watu ndani ya maji.

Akamwendea Masalu, viatu mkononi.

"Masalu. Lucy alinidanganya. Alisema aliwaona mlangoni, kumbe kutoka hapa mlango hauonekani! Nimepanda, nimeshuka, nimehakikisha mwenyewe. Nisamehe, mpenzi wangu. Ulisema kweli."

Alidhani atakumbatiwa. Masalu aliinuka taratibu, akapangusa mchanga.

"Kwa hiyo dunia ingekuwa bapa, mimi ningekuwa mzinzi?"

"Sikusema..."

"Umeliamini ziwa. Mimi hukuniamini. Nilikupigia simu, hukuningoja hata nimalize neno. Maji umeyapa nafasi mara tatu."

"Nilikuwa na wivu, Masalu. Ninakuonea wivu mpaka kivuli chako."

"Najua. Nilikuwa naupenda hata huo wivu. Lakini uliulizwa mbele ya baba yangu kama unanifahamu. Wazee wangu hawarudi njia ile, Milembe. Na mimi siwatumi."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na lile shati la kijani hakuwa amelivaa.

* * *

Lucy alipoulizwa aliapa, halafu akaapishwa upya.

"Ulikuwa umevaa viatu gani siku ile?" Milembe akamuuliza.

"Viatu vinahusu nini?"

"Panda jiwe uone vinahusu nini."

Lucy aliinamisha macho. "Suruali yake ya kwanza nilimpimia mimi," akasema, machozi yakimtoka. "Hakukumbuka hata jina langu." Milembe alikuwa amejiandaa kumpiga. Mkono ukakataa. Aliijua ile homa, alikuwa nayo mwenyewe. Akahamisha tu mashine yake upande wa pili wa baraza.

Wiki nzima Masalu hakupita sokoni. Jumamosi Milembe alivaa tena gauni jekundu, akaenda Lamadi mapema kuliko walimu, akavuka kwa boti.

Generoza alimpokea mlangoni, chini ya kitambaa cha bluu. Alikuwa mama wa miraba minne, tumbo limefika mbele kabla yake, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, mke wa mwendesha boti aliyemvusha Milembe.

"Ndiye wewe Milembe?" akapiga makofi. "Nimechoka na jina lako! Kila siku kwenye simu: mama Generoza, kifunge taratibu, kashona Milembe. Mama Generoza, kisichafuke, cha Milembe. Siku ile aliyokuja kukifunga, alishona palipochanika kwa mkono wake, kajichoma sindano vidole vyote, hataki nimsaidie."

Milembe akaangua kilio pale pale. Hata katikati ya kilio aliona kuwa Generoza ana mwanya mzuri, na akaona vibaya.

"Dada, mna simu?"

"Iko ofisini."

Upande wa pili, mwenye duka la simu la pale ufukweni Lamadi alitoka nje akampungia Masalu, ambaye alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa huku wanafunzi wakitazama. Akaja, akashika simu.

"Haloo?"

"Niko ng'ambo," Milembe akasema. "Umetazama?"

"Nimetazama. Nyekundu ipo."

"Na chini?"

"Maji."

"Panda jiwe, Masalu. Kisha urudi kwenye simu. Nakuomba. Nipe nafasi moja, kama ulivyosema niliyapa maji."

Alimsikia akipumua, kisha akasikia simu ikiwekwa juu ya meza ya duka bila kukatwa. Milembe akaiacha yake vilevile, akatoka mbio, akasimama nje, mbele ya mlango, chini ya kitambaa cha bluu, mikono miwili juu, gauni jekundu likipigwa na upepo. Hakuona kitu ng'ambo isipokuwa mstari wa nchi. Alisimama hivyo hivyo. Generoza alimletea kiti, akakataa. Alikaa na mikono juu mpaka mabega yakamuuma, akisema moyoni, sasa anapanda, sasa anashuka, sasa anatembea kwenye mchanga. Halafu akakimbia ndani.

"Haloo? Upo?"

"Nipo." Alikuwa anahema.

"Umeona mtu mlangoni?"

"Nimeona."

Milembe akaubana mkono wa simu kwa viganja viwili. Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya Mama Domitila, ya mbele ya wazee.

"Unamfahamu?"

Simu ikavuma. Mwenye duka wa Lamadi, ambaye alikuwa akisikiliza tangu mwanzo na hana aibu, aliacha kupanga sabuni.

"Namfahamu," Masalu akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni. "Namfahamu, Milembe! Mwambie Mzee Mashimba makoti ya wazee bado yamepigwa pasi."

Milembe alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa pindo la gauni alilolivaa ili apendeze. Kisha akakumbuka jambo. Akajikohoza.

"Na huyo mwanamke aliyesimama pembeni yangu na kiti?"

"Mwanamke gani? Mimi nimemwona mmoja tu."

"Vizuri, mpenzi," Milembe akasema. "Endelea hivyo hivyo."